Mlenda Chini ya Baibui

Insaf alijifunza kuficha vitu uzeeni. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupita mlangoni kichwa juu na mikono wazi, na akikuona na mzigo anakuuliza umebeba nini, hana haya. Sasa kila adhuhuri alisimama kwenye geti la hospitali ya mkoa, amebanwa na jamaa za wagonjwa wengine, na sufuria ndogo ya mlenda imefungwa taulo chini ya baibui, inamuunguza ubavu. Mlinzi, mzee aitwaye Hilal, alikuwa akipekua mifuko ya watu kwa ncha ya fimbo.

"Wewe mama, umebeba nini humo?"

"Machungwa. Na nguo za mke wa mwanangu."

"Na huo ubavu mbona umevimba?"

"Uzee, baba. Ukifika umri wangu nawe utavimba."

Watu wakacheka, Hilal akampungia fimbo apite. Insaf hakupenda kuchekwa, tena na watu wa geti, lakini alipita. Chakula cha nje kilikuwa kimepigwa marufuku tangu mgonjwa mmoja wa wodi ya wanaume aharishe vibaya kwa samaki wa kwao, na uongozi ukaona dawa ni kuwaadhibu wagonjwa wote. Kilichobaki ni wali wa hospitali, mweupe, baridi, na kipande cha kuku ambacho hata paka wa ua ule walikuwa wakikinusa na kwenda zao.

Rawia alikuwa kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake. Moyoni alikuwa na kilango cha chuma, alichowekewa miaka kadhaa nyuma, na usiku kukiwa kimya ulikisikia kinagonga. Damu ya mtu mwenye chuma moyoni inapenda kuganda pale pale kwenye chuma, na ikiganda kilango kinakwama. Ndiyo maana tangu siku hiyo Rawia alikuwa akimeza vidonge vya kuifanya damu yake iwe nyepesi, na ndiyo maana alipoanza kuhema kwa kupanda ngazi moja tu, Karam mumewe alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Damu ilikuwa imekuwa nzito. Madaktari walisema hatoki hapo mpaka namba yake, ile ya kupima wepesi wa damu, ipande. Mimi na wewe namba yetu ni moja. Ya Rawia ilitakiwa ifike mbili na nusu na isipite tatu na nusu. Chini ya hapo inaganda, juu ya hapo inamwagika. Nyumbani kulikuwa na Shams, binti wa miaka sita, aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama namba ya mama imefika.

"Umeshtuka, mama?" Rawia aliuliza, sufuria ikitoka chini ya baibui.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kila siku. Mlenda wao hupikwa kwa supu, na mwishoni kitunguu saumu kinakaangwa na giligilani kavu mpaka kinukie mtaa mzima. Mpishi anakimimina, na papo hapo anavuta pumzi kwa nguvu, haa, kama mtu aliyekanyaga nyoka. Asiyeshtuka hivyo, mlenda wake hauna ladha. Hilo halina mjadala katika mji wote wa Mahalla.

"Nimeshtuka mpaka Umu Wagdi, jirani wa chini, akagonga dari akidhani nimeanguka."

"Basi leo mtamu."

Alikula kwa mkate, haraka haraka, mgongo ameugeuzia mlango. Kitanda cha pili Bi Ratiba, mama mnene aliyevimba mguu, alinyoosha shingo.

"Shoga, na sisi tusio na wakwe tufe?"

"Mguu wako umeshakula vya kutosha, Bi Ratiba," Insaf alimjibu. "Lakini lete bakuli."

Insaf alimtazama Rawia akila, akafurahi. Hakuwa amempenda siku zote. Karam alipomleta nyumbani kumtambulisha, Insaf alisema mbele ya watu kwamba mwanawe anaoa moyo mbovu, na Rawia alilisikia lile neno akanyamaza nalo miaka yote. Hakuwahi kumrudishia. Sasa kila tonge lililoingia kinywani mwa yule binti, Insaf alilihesabu kuwa anafuta lile neno kidogo kidogo.

Kila asubuhi walikuja kumtoa damu, kichupa chenye kifuniko cha bluu. Kila siku jibu lilirudi lile lile: moja na nukta kadhaa. Vidonge vikaongezwa. Namba haikupanda. Wakaongeza tena. Rawia alianza kuona aibu, kama mtoto anayefeli mtihani ule ule.

"Damu yangu mbishi, mama. Imefanana na wewe."

Dokta Shahir, kijana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuja siku hiyo na Sista Inayat, mkuu wa wodi. Alisimama miguuni pa kitanda akikuna kidevu.

"Mama, ananitatiza huyu. Kwa dawa ninayompa, angekuwa ameshafika zamani. Vidonge anameza kweli?"

"Anameza mbele yangu."

"Chakula je? Anakula nini? Majani majani yoyote?"

Sasa hapa ndipo penyewe. Walipotoka kwenye upasuaji miaka ile, waliambiwa wajihadhari na majani ya kijani, na tangu siku hiyo Insaf hakuruhusu figili wala giligilani mbichi ivuke kizingiti cha nyumba yake. Aliwahi kumtupia mchuuzi shada la figili usoni. Mlenda hakuufikiria hata siku moja. Majani ni kitu cha kutafunwa mbichi pembeni ya sahani. Mlenda si majani, mlenda ni chakula. Na hata kama wazo lingemjia, Sista Inayat alikuwa amesimama pale, amekunja mikono, yeye aliyemwaga sufuria ya mama mmoja jana yake mbele ya wodi nzima, huku yule mama akilia kama aliyefiwa.

"Majani? Kwangu? Hayaingii, dokta. Anakula chakula chenu hiki hiki."

Rawia alimtazama mkwewe, kisha akatazama shuka. Angeweza kusema. Hakutaka kumwaibisha mama mbele ya watu, akafunga mdomo. Bi Ratiba naye, mwenye mdomo usiojua kupumzika, safari hiyo alijifanya amelala.

"Basi," alisema Dokta Shahir, "tunaongeza tena kidogo."

*

Siku iliyofuata Sista Inayat alimkamata. Hakuna aliyemchongea, ni kile kitunguu saumu, hakifichiki. Aliingia wodini akinusa, akaenda moja kwa moja mpaka dirishani, akafunua shuka, na sufuria hiyo hapo katikati ya magoti ya Rawia.

"Kumbe ni wewe, bibi mzima. Nilidhani umri wako una adabu."

"Sista, binti ni mgonjwa, hali kile chakula—"

"Hospitali hii si mgahawa. Unataka kuniuzia kesi? Akiharisha huyu, nani atafukuzwa kazi, wewe?"

Aliibeba sufuria mpaka kwenye sinki, akaimwaga. Mlenda ulishuka taratibu, mzito, na ulikataa kuingia kwenye tundu, hata ikabidi Sista afungue maji na kuusukuma kwa ufagio. Wodi nzima ilikuwa ikitazama. Halafu akamrudishia Insaf sufuria tupu mkononi, inadondosha maji.

"Nikikuona tena na kitu, hutaingia humu kabisa. Utamwona mkweo kwenye picha."

Insaf alikuwa mwanamke wa kumjibu mtu mpaka ajute kuzaliwa. Siku ile alisema, "Nimekusikia, sista." Aliona haya hata ya kumtazama Rawia. Rawia alimshika mkono.

"Usijali, mama. Nikirudi nyumbani tutashtuka wote wawili."

Tangu siku hiyo Insaf alileta machungwa na biskuti, mkoba wazi, mbele ya Hilal. Hakumwambia Karam alivyodhalilishwa. Hakumwambia mtu. Na kule wodini, vidonge vilivyoongezwa kwa ajili ya damu yenye mlenda viliendelea kuingia kwenye damu isiyo na mlenda, na hakuna aliyejua, kwa sababu aliyejua kuhusu vidonge hakujua kuhusu sufuria, na wenye kujua kuhusu sufuria hawakujua inahusu nini.

Namba ikapanda. Mbili nukta sita. Dokta Shahir mwenyewe alikuja kuwaambia, anatabasamu.

"Umefaulu, Rawia. Tupitishe sikukuu tukuangalie siku mbili tatu, kisha uende kwa mwanao."

Bi Ratiba alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Karam, anayefanya kazi kwenye mashine za kusuka nguo na ambaye masikio yake yamezoea kelele kiasi kwamba huongea kwa kupayuka, aliwapayukia wanawake wa wodi nzima kwamba mkewe anarudi nyumbani. Insaf alikwenda chooni akalia huko, kwa furaha, na kwa wivu kidogo pia, kwamba namba imepanda siku zile ambazo yeye hakupika.

*

Shamu Nasimu ilifika, sikukuu ya majira ya machipuo, na mji mzima ukamiminika kwenye bustani na kingo za mfereji na samaki wa chumvi na mayai ya rangi. Hospitali ilibaki na watu wachache. Dokta Shahir kabla ya kuondoka alikuwa ameagiza damu ya Rawia ichukuliwe siku ya sikukuu. Ilichukuliwa. Lakini kile kichupa cha bluu lazima kijae mpaka kwenye mstari wake, kikipungua jibu linakuwa la uongo, na msichana wa zamu aliyekuwa na wodi mbili peke yake alikijaza nusu. Maabara wakakikataa, kama inavyotakiwa. Kilitakiwa kichukuliwe kingine. Kila mmoja akadhani mwenzake atakwenda.

Jioni Karam alimleta Shams. Mtoto alikuwa na yai alilolipaka nyekundu na njano, amelishika kwa mikono miwili tangu nyumbani.

"Hili lako, mama. Usilipasue mpaka urudi."

"Nitalitunza. Kesho kutwa tutalipasua pamoja."

Alipotabasamu, Insaf aliona fizi zake zina wekundu. Na kwenye mkono, juu ya kiwiko, palikuwa na baka kubwa la zambarau.

"Umejigonga wapi?"

"Sijui. Labda ukingo wa kitanda. Na fizi ni mswaki huu mpya, mgumu kama brashi ya viatu."

"Umemwambia sista?"

"Nimwambie nini, mama, nimepiga mswaki?" Rawia alicheka. "Niache nirudi nyumbani. Nikisema neno watanizuia wiki nyingine."

Insaf aliliacha. Alijua kuwa lile baka halikuwa zuri, moyo wake ulimwambia, lakini na yeye alitaka binti arudi nyumbani. Akamfunika mkono kwa shuka.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Ratiba ndiye aliyempigia Karam simu. Rawia alikuwa ameamka akilalamika kichwa, akasema kinapasuka, akatapika, kisha maneno yakaanza kumtoka yamepinda. Insaf na Karam walipofika alikuwa ameshashushwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kaka wawili wa Rawia, mafundi vyuma, waliitwa, wakaja na nguo za karakana. Wakatakiwa watoe damu, kwa kuwa benki ya damu haikupi maji ya damu ya kugandisha mpaka na wewe uijazie chupa. Walikunja mikono ya mashati bila kuuliza.

Dokta Shahir alikuwa amerudi. Alitoka akiwa na jasho, shati limekaa upande.

"Imepanda kiasi gani?" Karam aliuliza.

"Mashine haiwezi kuisoma. Damu yake haigandi kabisa. Inavuja ndani ya kichwa." Alijifuta jasho. "Tunampa maji ya damu, na tunamchoma vitamini inayorudisha kuganda."

Karam alikimbilia benki ya damu. Insaf alibaki peke yake kwenye benchi, na daktari akawa anasubiri sindano iletwe kutoka stoo. Insaf aliuliza tu ili sauti ya mtu isikike.

"Vitamini gani hiyo, mwanangu, yenye nguvu hivyo?"

"Si kitu cha ajabu, mama. Iko kwenye majani. Spinachi, kabeji. Mlenda ndio umejaa hiyo."

"Mlenda?"

"Mlenda, ndiyo. Ndiyo maana niliwauliza juu ya majani. Mtu akila mlenda mwingi dawa yetu haifanyi kazi."

Sindano ililetwa, daktari akaingia, akatoka tena. Alimkuta Insaf amekaa vile vile.

"Dokta, nilikuwa namletea. Kila siku. Sufuria nzima. Kisha sista akaumwaga, nikaacha."

Daktari alimtazama. Insaf aliona vile mambo yalivyokuwa yakijipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine.

"Siku gani uliacha?"

Akamwambia.

"Mama," alisema polepole, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na mimi nikaongeza dawa." Akaegemea ukuta. "Na damu ya sikukuu sikuifuatilia."

"Sasa nikauletee? Niko karibu, nitapika sasa hivi. Kama ndio dawa yenyewe nitakuja nao mbio, hata kama ni kwa kijiko."

Lilikuwa swali la kijinga na wote wawili walijua. Lakini daktari hakumcheka. Alisema, "Hawezi kumeza tena, mama," akarudi ndani.

Rawia alikufa kabla ya adhuhuri. Yai lilikuwa bado kwenye kijikabati cha kitanda chake huko wodini, zima.

*

Kaka zake walimkuta daktari ukumbini. Galal, mkubwa, alimshika ukosi wa koti na kumbandika ukutani, kitufe kikaruka kikabiringika chini ya benchi. Watu wakajaa. Mzee Hilal alikuja na fimbo yake, akaona ukubwa wa mikono ya wale mafundi, akasimama mbali.

"Jana alikuwa anacheka! Mlimwambia amefaulu! Umempa nini dada yangu?"

Daktari hakujitetea. Hilo ndilo Insaf alilolikumbuka baadaye: alikuwa na neno moja tu la kusema, la kumnyooshea kidole bibi aliyekaa pale, na asingekuwa muongo. Alimtazama Insaf mara moja juu ya bega la Galal, kisha akatazama pembeni.

Insaf alisimama.

"Mwache, Galal. Ni mimi."

"Kaa, mama."

"Ni mimi, nakwambia. Nilikuwa namletea mlenda kwa siri. Daktari akaniuliza anakula nini, nikadanganya. Akaongeza dawa kwa sababu ya uongo wangu. Mlenda ndio uliokuwa unaizuia ile dawa. Nilipouacha, dawa ikamzidi."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kicheko cha kushindwa kuelewa. Galal aliachia lile koti, si kwa sababu amesadiki. Alimwonea huruma. Alikuja akamshika bibi wa watu mabega kwa mikono yake yenye harufu ya chuma.

"Mama Karam, huzuni imekuzidi. Kaa chini. Nani amekuja kila siku hapa kama wewe? Hata marehemu mama yetu asingemhudumia hivyo."

"Galal, nisikilize—"

"Tangu lini mlenda ukaua mtu, bibi?" mwanamke mmoja alisema kwa upole. "Si mji mzima tungekuwa makaburini."

"Mleteeni maji," alisema mwingine. "Amechanganyikiwa, masikini."

Wakamkalisha. Wakampepea. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyompepea zaidi, mpaka akanyamaza. Katika fujo hiyo daktari aliondolewa kwa mlango wa nyuma. Insaf alipoinua macho alimwona Karam amesimama mwisho wa ukumbi, bandeji ya kutolea damu bado mkononi. Karam hakuwa akimpepea mtu. Alikuwa amesikia kila neno, na alimjua mama yake kuwa si mtu wa kuchanganyikiwa.

Insaf alisubiri amuulize. Alisubiri siku za matanga, wanawake wakimbusu kichwani na kumwita mkwe wa mfano. Alisubiri mpaka arobaini ikasomwa. Karam alirudi kazini, akashuka kila asubuhi kutoka kwake ghorofa ya juu kumwamkia, akambusu mkono, na hakuuliza. Insaf angependa amuulize. Angependa apayuke kama anavyopayuka kwa mambo mengine yote, amtukane. Alikuwa akimsikia juu akitembea peke yake, huku na huku, halafu kimya.

*

Ijumaa moja baada ya arobaini Shams alikataa kula.

"Nataka mlenda."

"Kuna biringani, mwanangu. Kuna wali na maziwa."

"Nataka mlenda, Bibi. Mama alisema akirudi mtapika."

Insaf alikwenda sokoni akanunua. Aliuchambua barazani, akaukatakata kwa kisu cha mipini miwili, kinachoyumba huku na huku kwenye ubao, mpaka ukalainika. Akachemsha supu. Akakaanga kitunguu saumu na giligilani, na harufu ilipopanda ngazi alisikia nyayo za Karam kule juu zinasimama. Alimimina. Mlenda ukachemka ukalia ndani ya sufuria. Insaf alisimama pale amefunga mdomo.

"Bibi, hujashtuka."

"Nimesahau."

"Usiposhtuka hauna ladha. Mama alisema."

Mtoto alivuta kigoda, akapanda, akainama juu ya mvuke. Alipanua macho, akavuta pumzi kwa nguvu, haa, na mkono akauweka kifuani vile vile alivyokuwa akiuweka Rawia. Insaf ilibidi ageukie ukuta.

"Sasa utakuwa mtamu?"

"Utakuwa mtamu."

Alimpakulia bakuli likajaa, akamkatia mkate, akakaa mbele yake. Shams alikula kama alivyokuwa akila mama yake, haraka haraka, kidevu kikichirizika. Katikati akasimama, akasogeza bakuli mbele.

"Na wewe, Bibi, huli?"

"Dokta kanikataza, mwanangu," alisema Insaf. "Kula wewe."